Sikubali Kupasuliwa, Kwa Jinsi Mlivyonirudishia Mzee Wangu

Kijiji cha Gornja Lipa,
siku chache kabla ya Jumamosi ya wafu

Kwa Daktari Relja Stojkov, mpasuaji wa mioyo,
hospitali kubwa ya mjini, ghorofa ya tatu

Mheshimiwa Daktari, mwanangu,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kama hujala, kula kwanza ndipo usome. Nilipokuona mara ya mwisho ulikuwa umekonda, na shati lako lilikosa kifungo. Mtu anayeshika mioyo ya watu hawezi kukosa mtu wa kumshonea kifungo. Hilo si lalamiko, hilo nimelitaja tu kwa kupita.

Shule sikuwahi kuingia, hata kufagia. Herufi nilijifunza makaburini nikiwa binti, nikimshikia marehemu bibi yangu mshumaa naye akinionyesha kwa kidole majina ya watu wetu kwenye mawe. Ndiyo maana naandika herufi kubwa kubwa kama mtu anayechonga. Usinicheke. Maneno niliyo nayo yanatosha kukugombeza.

Kesi yenyewe unaijua. Wiki iliyopita ulinilaza chini ya ile mashine yako, ukapitisha mrija mwembamba mkononi mwangu, ukanionyesha moyo wangu kwenye televisheni. Ukaniambia, "Bibi Stamena, mishipa mitatu inayoulisha moyo wako imeziba karibu yote. Vidonge havitoshi tena. Inabidi tukufungue kifua, tuchukue mshipa wa mguuni, tuitengenezee damu njia mpya ya kuzunguka pale palipoziba. Kama tulivyomfanyia mzee wako." Nikakuuliza, na nisipokubali? Ukavua miwani. Ukasema, "Basi siku moja utakuwa unakanda mkate, na hutaumaliza kuukanda." Nikasema nitafikiri. Ukasema, "Fikiri, bibi yangu, lakini usifikiri sana." Ukaniwekea kitanda Jumatano ijayo.

Nimefikiri. Jibu langu ni hapana. Kitanda mpeni mwingine.

Wala usidhani naogopa kisu. Mimi nimechinja nguruwe wengi kuliko wewe ulivyopasua watu, na wangu hawakupewa hata nusukaputi. Nakataa kwa ushahidi. Mwaka juzi nilikuleteeni mume wangu Vitomir: mzee mkavu, mkimya, mchungu kama siki ya zabibu. Nilimzoea hivyo. Mlichonirudishia baada ya wiki kadhaa si kile nilichowapa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Vitomir wangu alikuwa na maneno matatu kwa siku. Asubuhi "Kahawa." Mchana "Chumvi." Jioni "Lala." Kwa maneno hayo tulimlea binti yetu Slavica, tukamwozesha, akahamia Vienna, na hakuna aliyelalamika kwamba nyumba ilikuwa na upungufu wa mazungumzo. Sasa anaongea. Anaongea ninapokamua mbuzi, anaongea ninapohesabu mayai, nikisahau nilipofika anasema, "Anza tena, mama, nakungoja." Anazungumza na mbuzi mwenyewe. Anamwuliza ameamkaje.

Na analia. Daktari, mtu huyu hakudondosha chozi alipomzika mama yake mzazi, alisimama pale kama mlingoti. Majuzi alilia kwenye taarifa ya hali ya hewa. Nilimwuliza, "Wewe una nini? Imesemwa mvua tu!" Akasema, "Ndiyo, Stamena, lakini fikiria mizabibu ilivyokuwa na kiu." Nilipiga simu hospitalini kwenu, nesi akanijibu kwamba wengi wakishapasuliwa moyo hulia ovyo, ni kawaida, kutapita. Ni mwaka wa pili huu. Hakujapita.

2. Mlimchukua mshipa mguuni mkautia moyoni. Mimi sikusoma, lakini hata mimi najua kitu kikitolewa mahali huja na tabia za kule kilikotoka. Tangu siku hiyo moyo wa Vitomir unataka kutembea.

Kila asubuhi anatoka. Anapita kanisani, anapanda kilima cha mizabibu, anafika makaburini, anarudi. Mikono mitupu! Hapa kwetu mtu hutembea kwenda mahali: kinu, shamba, kilabuni, mazishini. Anayetembea akarudi hana hata kuni ni mwizi aliyekosa cha kuiba au ni mgonjwa wa akili. Ningevumilia angetembea peke yake, lakini ananibeba na mimi. "Vaa viatu, mama, twende." Siku ya kwanza jirani yetu Rumena alituona, akaning'inia kwenye uzio na kupaza sauti kijiji kizima kisikie:

"Dada Stamena! Mmepoteza ng'ombe?"

"Hatuna ng'ombe, unajua vizuri."

"Basi mnatafuta nini huko juu na mapema hii?"

Vitomir akamjibu kabla sijamziba mdomo, "Tunatafuta afya, Rumena!"

"Mkiipata nileteeni na mimi kilo mbili, lakini isiwe na mifupa!"

Tangu hapo tukipita watu wanauliza kama afya imepatikana. Mbwa wenyewe wamechoka kutubwekea. Ni aibu kubwa kwa mwanamke wa umri wangu kuzoewa na mbwa wa watu.

3. Jikoni. Hapa naomba ukae chini.

Baada ya kumshona mlimpeleka kule kwenye mji wa chemchemi za maji moto ili apate nguvu. Nilidhani anakwenda kuoga. Kumbe mlimweka meza moja na wajane watano waliopasuliwa kama yeye, na mtaalamu wa chakula, msichana mwembamba kama uzi, akawa anawafundisha. Alirudi na karatasi yenye mhuri, akaibandika kwenye friji yangu juu ya picha ya mtakatifu wetu. Mtakatifu Nikola alituchunga miaka yote bila kutunyima kitu. Amefunikwa na picha ya broccoli.

Kopo langu la mafuta ya nguruwe alilibeba akampa Rumena. Akampa! Nilisimama mlangoni nikamwona akivuka uzio nalo kama mtu anayebeba mtoto wangu. Mwaka jana tulipochinja nguruwe alisimama juu ya nyama kama afisa wa forodha. Yale mafuta ya kukaanga vipande vipande mpaka yanalia mdomoni, ambayo wanaume wa ukoo wao hula tangu hawana meno mpaka wanapokosa tena meno, aliyagawa kwa majirani wote. Siku hiyo nyumba yetu ilisifiwa kwa ukarimu mpaka nikatamani kuichoma moto.

Na maharage anayapika bila mfupa wa kuokwa kwa moshi. Nikamwambia hiki ni chakula cha mfungwa. Akasema, "Onja." Nikaonja. Daktari, nasema kweli kwa sababu nilikuahidi ushahidi: ni matamu. Mwaka huu hata ajvar, ile rojo yetu ya pilipili nyekundu za kuchoma, aliipika yeye, na ni nzuri kuliko yangu. Mwanamke akishapitwa jikoni kwake mwenyewe na mwanaume aliyeshonwa kwa waya, amebaki na nini? Nimebaki na mbuzi.

4. Dirisha. Mlimwambia alale kwenye hewa safi. Kila mtu kuanzia mlimani kwetu hadi baharini anajua kwamba upepo unaoingia dirisha moja na kutokea lingine umeua watu wengi kuliko vita, na nyinyi wasomi mnamwambia mgonjwa afungue madirisha. Anafungua yote mawili. Nalala nimevaa kitambaa cha kichwa na soksi za sufu kama mtu anayesubiri basi. Nimelala maisha yangu yote madirisha yamefungwa na sijafa hata mara moja.

5. Ule mto. Mlimpa mto mdogo aukumbatie kifuani akikohoa, ili mshono usifunguke. Vizuri. Mto ukachakaa, ukatoka manyoya, nikautupa. Sasa ananikumbatia mimi. Mwanzoni alikohoa kwanza. Siku hizi hakohoi. Alinikumbatia mbele ya posta! Padri alikuwa anapita, akageuza uso kama mtu aliyeona kosa la jinai. Tulipooana hakunishika hata mkono mbele ya mama yake, na sasa, wakati nimeota ndevu kidevuni, ndiyo nakumbatiwa mbele ya posta.

6. Jiwe. Hili ndilo zito, maana limewagusa wafu na walio hai.

Wewe ni mtu wa mjini, lakini hata kwenu mjini watu wanasimamisha mawe yao ya kaburi wakiwa bado hai. Letu liko juu kilimani, jeusi, limesuguliwa vizuri, picha zetu wote wawili zimechorwa, mimi nikiwa na kitambaa kipya. Kila mmoja ana jina, mwaka wa kuzaliwa, mstari mdogo, halafu nafasi tupu. Hiyo nafasi inangoja mwaka wa kufa. Mtu analala vizuri akijua kwamba mambo yake yako tayari, imebaki kazi ya fundi ya nusu saa.

Sasa, mlipomwambia Vitomir kwamba mtamkata mfupa wa kifua kwa msumeno, mtausimamisha moyo, mashine itapumua na kusukuma damu kwa niaba yake, kisha mtamfunga tena, alirudi nyumbani hakusema neno, ndivyo alivyokuwa enzi hizo. Alikwenda moja kwa moja kwa Gvozden, fundi wetu wa mawe. Akamwambia, "Chonga mwaka huu kabisa. Mtu si kabati, hafunguliwi akafungwa akaendelea kutumika. Chonga sasa ili Stamena asihangaike baadaye." Na Gvozden, ambaye akishika tindo haulizi maswali, akachonga.

Kisha nyinyi mkamrudisha mzima!

Mwaka wa pili sasa jiwe letu linatangaza kwamba Vitomir amekufa. Padri akisoma majina ya kuombewa hajui amsome wapi: akimsoma kwenye wafu, Vitomir anakohoa kutoka safu ya mbele, akimsoma kwenye walio hai, wazee wa nyuma wanasema lakini jiwe linasema vingine. Na wakati wa kiangazi, siku yetu ile nyingine ya wafu, alikuja Sreten, rafiki yake wa jeshini, kutoka kijiji cha chini. Hakuwa na habari. Aliona mwaka, akapiga magoti, akalia, akawasha mshumaa, akatandaza ngano ya kuchemsha, kuku wa kuoka na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya plamu, ili roho ya rafiki yake ile na kunywa. Vitomir ndiyo anapita na fimbo yake kwenye hayo matembezi mliyomwandikia. Akaona. Machozi yakamtoka, ya kwake unayajua. Akaketi kwenye ukingo wa kaburi lake mwenyewe, akakata paja la kuku, akasema, "Asante, Sreten ndugu yangu, lakini rakia nimekatazwa."

Sreten alishuka mizabibu yote bila kupita njiani. Kiatu chake kimoja Gvozden alikiona siku ya pili kwenye shamba la Rumena. Naye Sreten ana moyo pia, Daktari. Mtampata kwenu muda si mrefu, na mkimwuliza yameanzaje mtajua ni nani wa kulaumiwa.

Nimemwambia Vitomir mara chungu nzima alirekebishe jiwe. Anakataa. Anasema, "Liache, mama. Kila asubuhi napita pale najiona nimelipita. Hakuna kahawa inayoniamsha kama hiyo."

7. Usaliti. Hili naliandika taratibu.

Maumivu yangu yalianza majira ya baridi. Yanakuja kifuani kama mtu amekalia, yanapanda tayani, yanashuka mkono wa kushoto. Sikusema. Nilijua ni kabichi ya chumvi. Ilipokwisha kabichi nikajua ni upepo wa madirisha yake. Tukienda kwenye yale matembezi yake, nikifika kwenye mti wa jozi katikati ya kilima nilikuwa nasimama na kufunga upya kitambaa changu cha kichwa, mpaka anayekaa kifuani ainuke. Nilidhani nafanya kwa ujanja.

Vitomir wa zamani asingeona. Yule ungeweza kuanguka ndani ya supu yake na angekuomba chumvi. Huyu mliyenirudishia alisimama pembeni yangu akaniangalia, akasema, "Stamena, kitambaa chako kimefungwa vizuri tangu tulipotoka nyumbani." Nikaendelea kukikaza. Akasema, "Mimi nilikuwa nasimama pale pale. Nilikuwa najifanya nafunga kiatu." Nikamwambia afunge mdomo badala yake. Siku ile ile alimpigia Slavica kule Vienna, Slavica akalia kwenye simu, yeye akalia huku, na wakati mimi nawapikia chai wote wawili, mmoja wao akiwa Vienna, jina langu likawa limeshafika mezani kwako.

Kwa hiyo aliyenisaliti ni yeye, lakini aliyemfundisha kuona ni nyinyi.

Sasa nafikia hoja, mwanangu, na naomba uifuate kama mtu msomi.

Mimi siogopi kufa. Nguo zangu za kuzikwa ziko sandukuni na soksi mpya zimo. Jiwe lipo. Nafasi ipo. Ninachoogopa ni kurudi. Kama upasuaji huu ulimgeuza Vitomir, aliyekuwa gogo, akawa mtu wa kulilia mizabibu, mimi utanigeuza nini? Nitarudi nambembeleza Rumena. Nitamwomba jogoo radhi. Tayari nyumba ina mmoja aliyelainika, na inasimama kwa sababu mimi bado ni mgumu. Tukilainika wote wawili, nani atachinja kuku? Nani atamwambia padri kwamba mahubiri yamekuwa marefu? Nani atamfukuza yule anayekuja kuuza mablanketi? Tutakaa jikoni tumeshikana mikono, tunalia, na mbuzi watahamia ndani. Na nyumba yetu ikianguka, ya Rumena itafuata, maana tunashiriki ukuta wa banda, na Rumena akianguka hakuna atakayebaki wa kusema watu, na kijiji kisichosemana kinakufa. Kwa kutaka kuokoa moyo mmoja wa bibi kizee, hospitali yenu inakwenda kufuta Gornja Lipa kwenye ramani. Hilo sitaki liwe shingoni mwangu wala mwako, bado u kijana.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mambo matatu.

Kwanza, kitanda changu cha Jumatano apewe mtu mwenye watoto wadogo.

Pili, mumwite Vitomir mumrudishie mguuni kile kipande cha mshipa. Kama hakirudi chote, hata nusu. Nampenda akiwa anatembea, lakini asinisemeshe kabla ya kahawa.

Tatu, mniandikie karatasi yenye mhuri, kama ile ya broccoli, iseme kwamba Stamena ni mzima, aachwe, na anaruhusiwa mafuta ya nguruwe kwenye mkate walau siku ya mtakatifu wetu. Mzee mimi haniamini, mhuri anauamini.

Pamoja na barua hii utapata chupa mbili za ajvar na mayai yaliyofungwa kwenye gazeti. Najua huwa hupokei zawadi, ulimrudishia Vitomir yule nguruwe mdogo wa kuoka akarudi naye kwenye basi, abiria wote wakashuka na njaa. Lakini hii si zawadi. Hiki ni kielelezo cha lalamiko namba tatu. Uonje, kisha uandike kama kweli ni nzuri kuliko ya mwanamke. Na kwenye gazeti nimeweka kifungo cheupe. Kikikuzidi ukubwa, nesi akukatie tundu.

Msalimie nesi yule mwenye mikono ya baridi na moyo wa joto. Msalimie anayefagia ngazi, mwambie dawa ya magoti niliyomwelekeza asiinywe, apake. Wasalimie wagonjwa wote wa ghorofa ya tatu, walioshonwa na wanaongoja kushonwa. Msalimie mama yako, simjui, lakini kwa jinsi ulivyokonda najua hujamtembelea. Vitomir naye angekusalimu, lakini hajui kwamba naandika. Ametoka kutembea.

Nabaki mimi, nisiyekubali, nisiyebadilika, mwenye mishipa mitatu mibaya na akili zote nzuri,

Stamena wa Vitomir

Baada ya kutia jina: Bahasha ilikuwa bado haijafungwa, na imebidi niongeze, usiniudhi kwa kutabasamu.

Nilipomaliza kuandika nilichukua ndoo na kitambaa nikapanda kilimani kuosha jiwe letu kabla ya Jumamosi ya wafu. Nilisimama kwenye mti wa jozi. Nikasimama tena juu zaidi, mahali ambapo sijawahi kusimama. Nilipofika makaburini nikamkuta Vitomir amepiga magoti mbele ya jiwe, mwiko wa fundi mkononi, saruji nyeusi mpaka kwenye nyusi, na Gvozden pembeni yake anakoroga. Ule mwaka wa uongo upande wake walikuwa wameshauziba. Nikasema, haya, hatimaye umepata akili. Ndipo nikaona upande wangu.

Kwenye nafasi yangu, baada ya ule mstari mdogo, wamebandika kipande cha jiwe, kimesuguliwa, kimelala sawasawa. Nikamwuliza Gvozden, "Umefanya nini wewe kiumbe?" Akasema, "Bibi, mimi nimeambiwa nizibe, nimeziba. Na gundi hiyo haitoki, ukitaka kuitoa utavunja jiwe lote na sura yako humo humo."

Nikamgeukia mzee. Nikamwita majina yote niliyonayo na mengine nikayatunga hapo hapo. Akaningoja nimalize. Kisha akasema, "Nimefunga, Stamena. Huna pa kuandikwa. Ukitaka kufa katafute jiwe lingine, kwangu hapana nafasi." Na hakulia, Daktari. Mtu anayelilia hali ya hewa, aliniangalia macho makavu kama zamani. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliwazika babu na bibi na wakwe zangu kwenye kilima kile na sijawahi kuogopa pale, ila leo.

Mimi ni mwanamke wa utaratibu. Siwezi kwenda mahali ambapo jina langu halitaandikwa vizuri. Basi nakuja. Jumanne, basi la mchana, tutakuwa wawili na kikapu. Kitanda usimpe mtu.

Mshipa chukua mguu wa kushoto, wa kulia nautumia kupigia teke lango la banda. Huko ndani ukikuta kitu kigumu kigumu si ugonjwa, ni mimi, kiache. Pembeni yake, kama ipo nafasi, unaweza kulainisha kidogo. Kidogo tu, kiasi cha kunyamaza anapolia.

Na ule mto wa kukumbatia nikikohoa usihangaike kuutafuta. Nakuja naye.